Sauti ya Mpima Mahindi

Filamu ilitufikia Kibaigwa na maneno yasiyo yetu.
Watu wa mapanga walirukaruka juu ya mapaa,
wakafokeana kwa lugha yao, wakafa kwa lugha yao,
nasi tumekalia ndoo zilizopinduliwa,
kiingilio mia mbili, vumbi bure.

Nikaizima sauti ya televisheni, ile ya chogo,
nikashika maikrofoni iliyovishwa soksi,
nikampa jambazi mkuu sauti ya Bwana Senyagwa.

Hamumjui Senyagwa? Basi.
Mpima mahindi sokoni, suruali yake hushuka,
huipandisha kwanza, ndipo asome mizani,
na kabla ya kusoma hukohoa, khm-khm,
kama mgeni anayebisha hodi.
"Gunia halina haraka," husema,
"haraka ni ya mwenye njaa."
Kilo zako tatu zimekwenda na kile kikohozi.

Sasa jambazi, ndevu mpaka kitovuni,
anamsogelea kijana aliyeuliwa mwalimu wake.
Panga linang'aa. Kijana amepiga magoti.
Mimi gizani:
khm-khm.
"Mbukwenyi. Hiki kichwa nakiona kina unyevu.
Kakianike siku tatu, urudi."

Kibanda kililipuka.
Mama muuza ubuyu alianguka na ndoo yake,
wapagazi wakapiga mabati kwa ngumi,
"Rudisha nyuma!" Nikarudisha.
Wiki nzima narudisha.
Mwalimu wa yule kijana hakufa tena kwa sumu,
alifia chini ya lumbesa,
gunia lenye kilemba, kamba tatu, na risiti hakuna.

Huko sokoni Senyagwa akikohoa
foleni nzima inatazama viatu.
Watoto wakaanza kukohoa kabla yake.
Siku moja alisoma kilo zote, hadi ile ya mwisho,
kwa sauti ya mtu anayeapishwa.
Nisidanganye: mwezi haukuisha, akarudia.
Kicheko kilimkuna tu. Hakikumponya.

Kisha usiku mmoja nikaiona suruali ile mlangoni.
Alilipa mia mbili, akakalia ndoo ya nyuma.
Jambazi akafungua kinywa
na kinywa kikabaki wazi,
panga juu, kijana chini, jenereta inanguruma,
mimi ulimi umekuwa ganda la karanga.

Kutoka nyuma: khm-khm.
"Endelea, bwana mdogo. Hapo nasema nini?"

Hakuna aliyecheka kumshinda.
Alifuta macho kwa kofia, akaomba nirudishe nyuma,
na tangu hapo sokoni alilisema lile la unyevu yeye mwenyewe,
neno kwa neno, kwa pumzi zangu,
hata sikujua tena nani anamwiga nani.

Alifariki mwaka wa njaa, kabla ya mavuno.

Arobaini ilipopita, mjane wake akaja kibandani mchana,
benchi tupu, nzi wawili kwenye kioo.
Mama Mazoya, khanga imefungwa kwa fundo la kazi.
Simu ya marehemu ilikuwa ya tochi, alisema,
haikuhifadhi hata salamu.
"Wewe ndiye uliyebaki nayo."
Hakutaka filamu. Alitaka aitwe tu,
kama alivyokuwa akiitwa jioni, mlenda ukiwa mezani.

Nikapandisha suruali. Mkono ulikwenda wenyewe.
Nikakohoa, khm-khm, nikaita, "Mama Mazoya."

Alifumba macho. Akasikiliza mpaka sauti ilipokwisha kwenye mabati.
Halafu akatikisa kichwa polepole,
bila hasira, kama anayemrudishia mtoto chenji iliyozidi.

"Hapana, mwanangu.
Nyumbani alikuwa hakohoi."